Gitaa la Pwani: Kazi ya Fundi Konde na Wapigaji wa Mombasa

Fundi Konde, mpigaji gitaa na mwimbaji aliyezaliwa tarehe 24 Agosti 1924 huko Mwabayanyundo, Kilifi, ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulitia gitaa la umeme katika santuri. Nyimbo zake zilianza kurekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1940, zikachezwa kwa gramafoni na redio kote Afrika Mashariki kwa karibu mwongo mmoja, kisha zikawekwa kando na kizazi kilichofuata. Kazi yake inastahili kusimuliwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake mna historia nzima ya riziki ya mpigaji gitaa wa Pwani: nani alimlipa, alimlipa kwa lipi, na malipo hayo yalidumu muda gani. Mjini Mombasa swali hilo lina uzito wa pekee. Katika mji huohuo, vichochoro vichache kutoka zilipo kumbi za densi, mpigaji udi aliishi kwa taratibu nyingine kabisa.

Gitaa la Mombasa si urithi wa Wareno, ingawa mtu angeweza kudhani hivyo. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na wakaishikilia hadi Waomani walipoiteka mwaka 1698. Nchini Brazili, watawala hao hao waliacha vyombo vya nyuzi vilivyoota mizizi mashambani na mijini, hata gitaa likawa chombo cha taifa. Pwani ya Waswahili waliacha meza, leso na karata. Nyuzi zao hazikushika. Nafasi hiyo ilikuwa imeshikwa na vyombo vya Bahari ya Hindi. Kulikuwa na gambusi, kinanda kidogo kilichochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi, kilicholetwa na watu wa Yemen na Hadhramaut, ambacho Lamu kilijulikana kwa jina la kibangala. Baadaye ukaja udi wenye tumbo kubwa la mbao, pamoja na santuri kutoka Misri zilizowafundisha vijana wa Mji wa Kale namna mpya ya kupiga.

Njia iliyoleta gitaa ilianzia kwingine. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Anglikana walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kuwa makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Huko watoto walijifunza nyimbo za sauti nyingi pamoja na vyombo vya Kizungu. Kufikia miaka ya 1890 Mombasa na Lamu zilikuwa na beni, ngoma ya vijana wenye tarumbeta, sare na vyeo vya kuigiza jeshi. Vyama vya Kingi na Skochi vilishindana vikali mitaani Mombasa. Gitaa liliingia katika mazingira hayo, kati ya vita kuu viwili vya dunia, mikononi mwa waliosoma misheni, makarani, mabaharia wa Kilindini na wafanyakazi wa reli. Lilikuwa jepesi kubebeka, lilimwezesha mtu mmoja kupiga besi, mdundo na muziki wa juu kwa pamoja, na halikuhitaji kikosi. Wawili waliojulikana mapema kwa gitaa upande wa Pwani ni Lukas Tututu na Paul Mwachupa. Majina yao hutajwa mara chache leo, na hilo ni dhulma kwa watu waliomtengenezea Konde njia.

Mpigaji aliyetoka bara ya Pwani, kwa Wagiriama, Warabai au Wajibana, alifika mjini kwa barabara inayoshuka Mazeras, ikapita Miritini na Changamwe, ikafika Kibarani. Hapo ndipo nchi kavu inapokoma kabla ya Makupa, na reli na barabara huvuka maji kuingia kisiwani. Miaka ya karibuni jina la Kibarani lilijulikana zaidi kwa jaa la taka lililokuwa kando ya maji, hata lilipofungwa na kuanza kupandwa miti. Kwa wafanyakazi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, hata hivyo, Kibarani kulikuwa kizingiti: nyuma yako mashamba ya minazi na kaya za Wamijikenda, mbele yako gati, karakana, landhi za reli na mshahara wa mwezi. Muziki wa densi ulikua kwa mshahara huo. Aliyelipwa mwisho wa mwezi alikuwa na shilingi ya kiingilio, na aliyekuwa mbali na kwao alihitaji mahali pa kukutana na wenzake Jumamosi usiku.

Konde alisoma katika shule ya misheni ya Kikatoliki, na hapo ndipo alipopata msingi wa muziki: kusoma noti, kupuliza filimbi, kuimba kwa mpangilio wa sauti. Msingi huo unasikika katika kila alichorekodi baadaye. Wapigaji wengi wa gitaa wa Afrika Mashariki walijifunza kwa kuangalia vidole vya mwenzao. Wakawa mabingwa wa kudonoa nyuzi lakini wakakaa katika koda mbili au tatu. Konde alizijua koda nyingi zaidi, zikiwemo zile zilizotumiwa na bendi za jazi za wakati huo, na alijua namna ya kuzipitisha kutoka moja hadi nyingine bila wimbo kukatika.

Vita Kuu vya Pili vilimpa jukwaa kubwa. King's African Rifles ilihitaji burudani kwa askari wake, na wapigaji gitaa na kodiani wakaandikishwa katika kikosi cha burudani, Konde akiwa mmojawao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipelekwa Ceylon kisha Burma, ambako mwaka 1944 ilipigana katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali. Wanamuziki walifuata majeshi hayo hadi India na Burma. Kwa kijana wa Kilifi aliyekuwa na umri wa miaka 20, jeshi lilikuwa mwajiri wa kwanza aliyemlipa kwa muziki kila mwezi, lililompa chombo kizuri, na lililomkutanisha na wapigaji kutoka Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Walipoachiwa baada ya vita, baadhi ya wanamuziki wa kikosi hicho waliendelea kupiga pamoja kwa jina la Rhino Boys, wakikumbuka yule kifaru wa begani.

Jeshi lilipomwachia, kampuni ya santuri ikampokea. Peter Colmore, Mwingereza aliyebaki Kenya na kufanya kazi ya burudani na matangazo, alikuwa na jicho la kutambua vipaji, na kupitia kwake Konde akaingia katika rekodi za His Master's Voice. Kazi zake zilizokusanywa upya baadaye ni za mwaka 1947 hadi 1956. Humo mna Tausi Ndege Wangu, Mama Sowera, Majengo Siendi Tena, Ajali Haikingiki na nyinginezo.

Inafaa kutua hapa na kueleza jinsi nyimbo hizo zilivyoundwa, maana ubora wake haukuja kwa bahati. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo wa ngoma au wa harusi, uliozoea kwenda nusu saa ukiongezwa beti kadiri watu wanavyotuza, ulilazimika kukatwa hadi kiini chake. Konde aliufanya ufinyu huo kuwa mbinu. Gitaa hufungua kwa kipande kifupi kinachotambulika papo hapo. Ubeti wa kwanza huingia kwa sauti mbili zikienda sambamba, ya pili ikiwa juu au chini ya ya kwanza kwa hatua ileile. Kisha gitaa hupewa nafasi ya kusema peke yake, na ubeti wa mwisho hufunga kabla ya sindano kufika katikati. Sauti zenyewe hazipigi kelele. Huimbwa kwa utulivu, karibu na kipaza sauti, kama mtu anayezungumza na aliye chumbani mwake. Mwimbaji wa beni hakuweza kuimba hivyo, kwani tarumbeta zingemfunika. Ni umeme uliowezesha upole huo: kipaza sauti kwa mwimbaji, na kinasa mtetemo chini ya nyuzi za gitaa kwa mpigaji.

Gitaa la umeme lilibadilisha pia kazi ya mkono. Katika gitaa kavu, mpigaji hulazimika kuzikwaruza nyuzi zote ili asikike juu ya wachezaji. Hapati nafasi ya kutaja sauti mojamoja. Kwa umeme, sauti moja iliyoguswa kwa wepesi inajaza ukumbi. Konde hakutumia nguvu hiyo kujionyesha. Aliitumia kujibu mwimbaji, kipande kwa kipande, jinsi fidla inavyomjibu mwimbaji wa taarabu. Hapo ndipo Upwani wake unapojitokeza zaidi, ingawa koda zake zilitoka ng'ambo.

Katika miaka hiyohiyo, mtindo mwingine wa gitaa ulikuwa ukiingia kutoka magharibi. Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, mwaka 1952, na wimbo wake Masanga ukawa somo kwa wapigaji wa nchi nyingi. Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika besi na shahada ikifuma muziki wa juu, kila kimoja kikienda na mdundo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikuja Nairobi kufanya kazi na Colmore, ikiwemo kutangaza dawa za Aspro. Ukilinganisha, Mwenda ndiye aliye karibu na gitaa la kikonsati, mtu mmoja na nyuzi sita zikitosheleza. Konde alikuwa mtunzi wa mpangilio, aliyelisikia gitaa kama sehemu ya bendi.

Lakini wote wawili walikosa kitu ambacho mpigaji gitaa wa Brazili wa wakati wao alikuwa nacho. Laurindo Almeida, aliyezaliwa mwaka 1917, alihamia Marekani mwaka 1947, mwaka uleule ambao rekodi za Konde zinaanzia, akapata kazi katika filamu, katika okestra ya jazi ya Stan Kenton na katika kumbi za muziki wa kiklasiki. Turíbio Santos, mdogo wake kwa umri, alishinda mashindano ya kimataifa ya gitaa mjini Paris mwaka 1965 na akaishi kwa konsati na kufundisha. Nyuma yao kulikuwa na walimu, shule za muziki, wachapishaji wa noti, na mtunzi kama Heitor Villa-Lobos aliyeliandikia gitaa etudi 12 na preludi tano. Kenya ilikuwa na chuo kimoja cha muziki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1944, na kwa muda mrefu wanafunzi wake walikuwa hasa watoto wa Wazungu. Hapakuwa na mlango wa kumwingiza humo mpigaji kutoka Mwabayanyundo, wala mtu wa kumwandikia noti. Waajiri wake walikuwa watatu: jeshi, kampuni ya santuri, na mwenye bidhaa aliyetaka wimbo wa kuitangaza. Kila mmoja alimhitaji kwa muda wake.

Mpigaji udi wa Mji wa Kale hakuwategemea hao. Aliyeifikisha mbali zaidi sanaa hiyo Mombasa ni Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu katika miaka ya 1930 aliyefanya makao yake Mombasa. Udi hauna vikato shingoni, kwa hiyo kidole huweza kutua baina ya sauti mbili za gitaa, na huko katikati ndiko maqamu za Kiarabu ziliko. Nyuzi zake huenda mbilimbili na hupigwa kwa risha. Zein alikuwa hodari wa taksimu, yaani utangulizi wa udi pekee usio na mdundo wa ngoma, ambamo mpigaji huijenga maqamu hatua kwa hatua kabla ya kuimba. Hakuna katika muziki wa Mombasa kitu kinachokaribia zaidi konsati ya mpigaji mmoja. Aidha alishirikiana na mshairi Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany kufufua tungo za kale za karne ya 19, akazitia sauti na kuziimba, wakati Juma Bhalo, mpinzani wake mkubwa kwa mapenzi ya wasikilizaji, alipendelea tuni za filamu za Kihindi.

Riziki ya Zein ilitoka harusini. Familia iliyooza ilihitaji taarabu, na hitaji hilo halikupitwa na mtindo, kwa kuwa watu hawaachi kuoana. Wasikilizaji walituza papo kwa papo. Usiku huo ulirekodiwa kwa kaseti, nakala zikauzwa katika duka la Mbwana Radio Service ndani ya Mji wa Kale, na wimbo mpya ulifika Lamu, Tanga na Maskati bila kupita Nairobi. Duka lilikuwa kwa jirani, mshairi alikuwa jirani, na bwana harusi alikuwa mtoto wa jirani. Mfumo huo haukumtajirisha mtu, lakini ulimdumisha. Gitaa la densi halikuwa na harusi ya kulishika mkono. Lilitegemea ukumbi na santuri, na vyote viwili vilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa mbali na Pwani.

Mombasa haikukosa kabisa biashara yake ya muziki. Assanand & Sons, wauzaji wa santuri mjini humo, walitoa rekodi kwa lebo ya Mzuri, na katika miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilitangaza kwa Kiswahili kutoka Mombasa. Hata hivyo studio, viwanda na kumbi zenye kulipa vizuri vilikusanyika Nairobi, na mpigaji wa Pwani aliyetaka kurekodi ilibidi apande treni. Konde alipanda. Huko hakuishia kupiga tu. Kwa muda alifanya pia kazi ya ufundi wa kurekodi, akiwapangia wengine vipaza sauti, kazi ambayo kwa Mwafrika wa wakati wa ukoloni ilikuwa adimu. Masikio yaliyopanga sauti mbili za Tausi Ndege Wangu yalitumika kusawazisha bendi za watu wengine.

Miaka ya 1960 ilikuja na sura nyingine. Studio ya Equator, chini ya Charles Worrod, ilimkuza Fadhili William, mzaliwa wa Taita wa mwaka 1938, ambaye rekodi yake ya Malaika ilienea duniani. Daudi Kabaka akaja na twisti. Rumba ya Kongo ikateremka na magitaa matatu yaliyofumana, moja la mdundo, moja la kati, moja la solo, na vijana wakataka kucheza muda mrefu kuliko dakika tatu. Mwishoni mwa mwongo huo benga ilikuwa inapanda. Katika kelele hiyo yote, gitaa la upole la Konde lilionekana la wazee. Hakuna aliyemfukuza, soko lilihama tu, na hakukuwa na shule ambayo angefundisha, wala ukumbi wa konsati ambao ungemwita kwa heshima ya umri wake. Mpigaji wa kiklasiki huthaminiwa zaidi anapozeeka. Mpigaji wa santuri alisahauliwa akiwa na miaka 40, na hiyo ni hasara ambayo muziki wa Kenya umeilipia, kwa kuwa ujuzi wake wa koda haukurithishwa kwa mpangilio wowote.

Mwajiri wa nne alitokea pale Konde alipokuwa ameshapumzika: hoteli ya kitalii. Kuanzia miaka ya 1970 hoteli za ufukweni kaskazini na kusini mwa Mombasa zilitaka bendi ya kupigia wageni kila jioni, na mkataba wa hoteli ulikuwa mrefu kuliko wa ukumbi wowote wa mjini. Bendi iliyofaidika zaidi ni Them Mushrooms, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison kutoka Kaloleni, yaani eneo lilelile la bara ya Pwani lililomlea Konde. Wimbo wao Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982, ulibebwa na watalii hadi Ulaya. Wasomi wa muziki hupenda kuubeza kwa wepesi wake. Wanakosea, kwa sababu fedha na jina vilivyotokana nao viliipa bendi hiyo uwezo wa kufanya kazi nyingine, mojawapo ikiwa ni kumrudisha Konde studioni na jukwaani. Vijana wa Kaloleni walizipiga nyimbo za mzee wao pamoja naye, kwa vyombo vya kisasa, na kizazi kilichozaliwa baada ya uhuru kikazisikia kwa mara ya kwanza.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imeanza kuutafuta muziki wa Mombasa. Mwaka 1990 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Zein Musical Party iitwayo Mtindo wa Mombasa, na kazi za Maulidi Juma na Zuhura Swaleh zikatolewa na lebo hiyohiyo. Tungo za kale alizofufua Zein zikatoka baadaye katika albamu The Swahili Song Book. Zamu ya Konde ilifika mwaka 1994, rekodi zake za mwaka 1947 hadi 1956 zilipokusanywa katika diski moja. Tofauti ya makusanyo hayo inaeleza mengi. Zein alirekodiwa akiwa katika ukomavu wake, akipiga kile alichokuwa akikipiga wiki hadi wiki. Konde alisikika kupitia santuri za ujana wake, zenye mikwaruzo ya sindano, na wasikilizaji wa Ulaya walishangaa kusikia gitaa la umeme lenye koda za jazi na Kiswahili fasaha kutoka wakati ambao walidhani Afrika Mashariki ilikuwa na ngoma tu.

Konde aliwahi kuifurahia heshima hiyo kwa miaka michache, akionekana jukwaani tena na kuhojiwa kuhusu siku za Burma na His Master's Voice. Alifariki dunia tarehe 29 Juni 2000, akiwa na umri wa miaka 75. Fadhili William alimfuata mwezi wa Februari 2001. Juma Bhalo aliaga mwaka 2014, na Sheikh Nabhany mwaka 2017. Nyimbo za Konde zimebaki katika programu za zilizopendwa za redio za Kenya, ambako Tausi Ndege Wangu huombwa na wasikilizaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa liliporekodiwa gitaa lake.